Watu Wasiokubaliwa Kuwa Wapo: Waogiek, Serikali ya Kenya na Maridhiano Yaliyokwama

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha ilisoma hukumu ya kesi nambari 006 ya 2012. Mlalamishi alikuwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikiwasemea Waogiek wa Msitu wa Mau. Mlalamikiwa alikuwa Jamhuri ya Kenya. Chanzo cha kesi kilikuwa ilani ya Oktoba 2009 iliyowapa Waogiek siku 30 waondoke msituni. Msomaji angetarajia serikali ijitetee kwa kusema kwamba haikumfukuza mtu, au kwamba ilikuwa na haki ya kufukuza. Hilo la pili ililisema. Lakini utetezi uliotangulia, uliobeba mengine yote, ulikuwa kwamba Waogiek si jamii ya asili. Serikali ilidai kwamba watu wanaojiita hivyo ni mchanganyiko wa makabila, kwamba wamebadilika na sasa wanaishi kama Mkenya mwingine yeyote, na kwa hiyo hawana dai lolote la kipekee juu ya Mau.

Mahakama ilikataa. Ilitamka kwamba Waogiek ni jamii ya asili, sehemu ya watu wa Kenya inayostahili ulinzi wa pekee kwa sababu ya udhaifu wao mbele ya dola, na ikaona kwamba Kenya ilikiuka ibara saba za Mkataba wa Afrika. Ushindi huo uliandikwa sana. Utetezi wa serikali haukuandikwa vya kutosha, na mimi naona ndio unaotufundisha zaidi. Dhuluma za kihistoria hukanwa kwa njia nyingi, lakini katika nchi zetu njia iliyokita mizizi ni hii: kumkana mwenye dai kabla ya kulisikiliza dai lake. Maridhiano huhitaji pande mbili. Dola ikishasema kwamba upande wa pili haupo, kila tume, kila jopokazi na kila msamaha unaofuata huwa ni mazungumzo ya serikali na nafsi yake.

Kwingineko kukana huchukua sura nyingine. Nchini Kanada, Waziri Mkuu Stephen Harper alisimama bungeni tarehe 11 Juni 2008 akaomba radhi kwa shule za bweni ambako watoto wa jamii za asili walitenganishwa na wazazi wao ili lugha na desturi zao zifutwe. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa G20 mjini Pittsburgh, kiongozi huyohuyo alisema nchi yake haina historia ya ukoloni. Hakukana kwamba watu wa asili wapo. Alikana mfumo uliozaa shule zile, kana kwamba zilijijenga zenyewe. Nchini Australia, Waziri Mkuu John Howard alikataa kwa miaka mingi kuomba radhi kwa watoto walionyang'anywa familia zao, akishikilia kwamba kizazi cha leo hakiwezi kubebeshwa makosa ya kizazi kilichopita. Msamaha ulikuja na Kevin Rudd tarehe 13 Februari 2008. Katika nchi hizo mbili ubishi ni juu ya kitendo, au juu ya nani wa kukibeba. Mtendwa mwenyewe anajulikana na ana jina. Kwetu ubishi unaanzia mlangoni.

Mlango huo haukufungwa na serikali huru. Ulifungwa na mkoloni, na faili lake lipo. Tume ya Ardhi ya Kenya ya 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Morris Carter, ilikuta Waogiek wakiishi katika misitu ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuitangaza kuwa mali yake. Wakati huo waliitwa Wadorobo, jina walilobandikwa na wengine kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe. Wamaasai, Wakikuyu na Wanandi walitengewa maeneo ya akiba, finyu na ya dhuluma, lakini yenye mipaka kwenye ramani. Waogiek hawakutengewa kitu. Tume ilipendekeza kwamba kila inapowezekana wamezwe na kabila wanalokaribiana nalo zaidi. Katika utawala ambao haki yote ya ardhi ilipitia kwenye eneo la kabila, kutokuwa na eneo kulikuwa sawa na kutokuwa kabila. Hapo ndipo utetezi wa Arusha ulipozaliwa, miaka zaidi ya themanini kabla ya hukumu.

Kilichomezwa hakikuwa kitu kidogo. Mtu asiyejua maisha ya Mau hudhani kwamba mwindaji na mrina asali ni mtu anayezurura, anayeokota anachokikuta. Waogiek walikuwa na ardhi iliyogawanywa kwa ukoo, na mipaka yake ilifuata mito na migongo ya vilima. Sehemu ya kila ukoo ilipanda kutoka msitu wa chini hadi ule wa juu, kwa sababu maua hayachanui mahali pote kwa wakati mmoja. Msimu wa asali ulipokwisha chini, mrina alihamia juu, akakuta mizinga yake mingine ikiwa tayari. Mizinga hiyo ilichongwa kwa magogo ya mtarakwa na kutundikwa juu mitini. Kurina katika eneo la ukoo mwingine bila ruhusa lilikuwa kosa lenye adhabu. Asali ilikuwa chakula, dawa na kinywaji cha sherehe. Ilitolewa kwenye mahari, na ndiyo iliyowaunganisha na majirani wafugaji na wakulima katika biashara. Huo ni umiliki wenye sheria, wenye mipaka na wenye warithi. Ulikosa tu sifa moja ambayo ofisi ya ardhi iliitambua, yaani miti kukatwa na shamba kulimwa.

Kwa hiyo Waogiek waliingia katika uhuru wa 1963 wakiwa na bahati mbaya ya kipekee. Msitu uliokuwa wa Mfalme wa Uingereza ukawa wa serikali ya Kenya, na wao waliokuwa wavamizi wa ardhi ya Mfalme wakawa wavamizi wa ardhi ya umma. Bendera ilibadilika, hadhi yao haikubadilika.

Walikwenda mahakamani nyumbani kabla ya kwenda Arusha. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 2000, inayojulikana kwa jina la Kemai, Mahakama Kuu ya Nairobi iliwakatalia Waogiek wa Msitu wa Tinet. Sababu moja iliyotolewa inastahili kukumbukwa na kila anayesoma habari hizi. Majaji waliona kwamba Mwogiek wa kale aliujua msitu na kuutunza, lakini wa leo analima, anafuga na amepokea mambo ya kisasa, hivyo hawezi kudai kwamba maisha yake yanategemea msitu. Tazama mtego huo. Alipoishi kwa kuwinda na kurina, aliambiwa hana shamba, kwa hiyo hana ardhi. Alipolima baada ya kubanwa na kufukuzwa mara kwa mara, aliambiwa si Mwogiek tena, kwa hiyo hana msitu. Makabila makubwa ya Kenya hayawekewi sharti hili. Hakuna hakimu aliyewahi kumwambia Mkisii kwamba amepoteza haki ya shamba la babu yake kwa kuwa sasa amejenga nyumba ya matofali.

Uamuzi ulikuja kugeuka. Mwaka 2014, katika kesi ya Letuya, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliona kwamba haki za Waogiek zimekiukwa, ikaiagiza Tume ya Kitaifa ya Ardhi iwatafutie ardhi ya makao. Kufikia hapo nchi ilikuwa na Katiba mpya ya 2010, ambayo Ibara yake ya 63 inataja waziwazi, miongoni mwa ardhi za jamii, ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kimila na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Ibara ya 62, moja tu nyuma yake, inaweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Waliotunga Katiba walijua kwamba Waogiek wako msituni. Waliacha ibara hizo mbili zitazamane, na tangu hapo maofisa wa misitu wamekuwa wakisoma ya 62 bila kufungua ukurasa wa pili.

Hoja ya "sisi sote ni wenyeji" inahitaji jibu la heshima, kwa sababu wanaoitoa si wote wana nia mbaya. Mtu anasema: Mkamba, Mluo, Mgiriama na Mswahili wote ni Waafrika, wote walikuwapo kabla ya Mzungu, basi kwa nini mmoja aitwe wa asili na wengine wasiitwe? Nyuma ya swali hilo kuna hofu ya kweli. Kenya imeona damu ikimwagwa kwa jina la wenyeji na wageni. Mwaka 1992 na 1997 katika Bonde la Ufa na Pwani, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa na kuuawa wakiambiwa warudi kwao. Zaidi ya elfu moja walikufa katika miezi miwili ya mwanzo wa 2008. Nchi iliyopitia hayo ina haki ya kuogopa neno lolote linalompa mtu cheo kwa kuwa alifika kwanza.

Lakini hoja hiyo inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kikundi kazi cha Tume ya Afrika kilichochunguza suala hili kilitoa ripoti iliyopitishwa mwaka 2003, na kilieleza wazi kwamba barani Afrika haulizwi nani alitangulia kufika. Kinachotazamwa ni kama jamii inajitambua hivyo yenyewe, kama maisha na utamaduni wake vimefungamana na ardhi fulani kiasi kwamba ukiiondoa umeiua jamii, na kama imetengwa na kudharauliwa katika mfumo wa taifa uliojengwa juu ya kilimo na mji. Mgiriama aliyedhulumiwa ardhi ana dai zito, na sheria ya dhuluma za kihistoria inamhusu. Hahitaji kwanza kuthibitisha kwamba Mgiriama ni kitu kilichopo. Mwogiek anahitaji. Tofauti ndiyo hiyo.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 zilikubali, nne zikakataa, na Kenya ikawa miongoni mwa 11 zilizojizuia kupiga kura. Nne zilizokataa ni Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, nchi ambazo utajiri wake umejengwa juu ya ardhi za watu wa asili, na zote baadaye zilibadili msimamo. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Haikuchukua muda kuonekana kwamba kura ya ndiyo New York haimlindi mtu aliyeko Ngorongoro, na hilo nitalirudia.

Je, serikali ya Kenya haiwezi kabisa kutambua jamii mpya? Inaweza, tena haraka. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na kukaa miongo mingi bila vitambulisho, waliandamana kwa miguu hadi Nairobi. Uhuru Kenyatta aliamuru wasajiliwe, na mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 William Ruto aliwatambua Wapemba wa Pwani, nao wakapata vitambulisho baada ya kuishi kwa woga wa miaka mingi. Nilifurahi siku zote mbili, na sitamsikiliza anayesema hawakustahili. Ninachouliza ni kwa nini dola iliweza kusema ndiyo kwa Mmakonde na Mpemba ndani ya miezi, lakini kwa Mwogiek ilihitaji kushtakiwa miaka minane na bado ikabisha. Jibu liko wazi: kumtambua Mmakonde kulihitaji kitambulisho. Kumtambua Mwogiek kunahitaji ardhi. Swali la kama wapo halikuwa swali la elimu ya makabila hata siku moja. Lilikuwa swali la Mau, na Mau ni karibu hekta 400,000 za ardhi yenye mvua, inayokubali chai na ngano, yenye mbao za thamani, na inayotoa maji ya Mto Mara na Mto Sondu.

Hapa ndipo kisingizio cha mazingira kinapoingia, na ni kisingizio kinachopendeza masikio. Nani atapinga kuokoa chemchemi ya maji inayowanywesha nyumbu wa Serengeti na kuzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu? Mau imeharibiwa kweli. Imepoteza karibu robo ya eneo lake. Swali ni nani aliyeiharibu. Tangu 1986 ukanda wa chai wa Nyayo ulipandwa kandokando ya misitu kwa amri ya serikali. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti, kisha ikayapa makampuni machache makubwa ruhusa ya kuendelea. Mwaka 2001, utawala wa Daniel arap Moi ukielekea ukingoni, zaidi ya hekta 60,000 za misitu ziliondolewa ulinzi wa kisheria kwa mpigo mmoja, na zaidi ya nusu yake ilikuwa Mau. Sababu iliyotangazwa kwa sehemu ya Mau Mashariki ilikuwa kuwapa Waogiek makao. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 na ile ya jopokazi la Mau la 2009 zilionyesha ardhi hiyo ilikokwenda: kwa wanasiasa, maofisa wakubwa na wafuasi wao. Yaani jina la watu waliokanwa lilitumika kama muhuri wa kuhalalisha ugawaji, kisha uharibifu uliofuata ukatumika kama sababu ya kuwafukuza watu walewale. Majaji wa Arusha walilisema hili kwa lugha yao ya kisheria: Kenya haikuthibitisha kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau, na kuhifadhi mazingira hakuwezi kuhalalisha kuwaondoa.

Sasa kuna mpango wa kitaifa wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na serikali nyingi za Afrika zina hamu ya kuuza hewa ya ukaa kwa mataifa yenye viwanda. Msitu ulio na watu wenye hatimiliki una bei tofauti na msitu mtupu. Nasema hivi kwa wanaharakati wa mazingira, ambao wengi ni marafiki wa kweli wa Mau: mkiunga mkono kufukuzwa kwa warina asali, mnampa nguvu yuleyule aliyegawa hekta 60,000.

Kenya ilipata nafasi moja kubwa ya kufungua mlango. Baada ya ghasia za 2008 iliundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ikapewa kipindi cha kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008, ikakusanya taarifa zaidi ya 40,000. Iliandika sura nzima kuhusu jamii ndogo na za asili. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais tarehe 21 Mei 2013. Lakini makamishna watatu waliotoka nje ya nchi, Jaji Gertrude Chawatama wa Zambia, Balozi Berhanu Dinka wa Ethiopia na Profesa Ronald Slye wa Marekani, walikataa kutia saini sura ya ardhi. Walisema ilibadilishwa baada ya shinikizo kutoka ofisi ya Rais, na aya zilizoitaja familia ya Rais wa kwanza ziliguswa. Maoni yao ya kupinga hayakuchapishwa ndani ya ripoti. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Bunge lilibadili sheria, likajipa mamlaka ya kuijadili ripoti kabla ya utekelezaji. Baada ya kujipa mamlaka hayo, likaiacha ripoti ikae.

Tarehe 26 Machi 2015, akilihutubia Bunge, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Siudharau msamaha huo. Kwa mjane wa mauaji ya Wagalla, aliyesikia serikali ikisema kwa miaka mingi kwamba waliokufa Februari 1984 walikuwa 57 tu, kusikia neno hilo kutoka kwa Rais kulikuwa na uzito. Ila msamaha uliomwomba kila mtu kwa pamoja ulimruhusu mwombaji asimtaje yeyote. Fedha hazikuwafikia walioahidiwa. Na katika kesi ya Arusha mawakili wa Jamhuri walishikilia kwamba Waogiek si jamii ya asili. Msamaha Nairobi, ukanaji Arusha, serikali ileile.

Undumilakuwili huo huonekana vizuri zaidi Uingereza inapotajwa. Kenya inajua vema maumivu ya kukanwa. Kwa miongo mingi London ilisema haiwezi kuwajibika kwa mateso ya kambi za wakati wa Mau Mau, hadi ilipokubali mwezi Juni 2013 kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Wakipsigis na Watalai wa Kericho bado wanadai fidia ya ardhi iliyogeuzwa mashamba ya chai. Watalai walipelekwa uhamishoni Gwassi mwaka 1934, ukoo mzima, kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao. Mfalme Charles alipokuja Nairobi Oktoba 2023 alieleza huzuni na majuto makubwa, akasema ukatili ule hauna kisingizio, na akaondoka bila kuomba msamaha rasmi. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki. Mwanzoni mwa Novemba 2023, wakati magazeti yakiendelea kuchambua hotuba ya Mfalme, askari wa misitu walikuwa Sasimwani, kaunti ya Narok, wakibomoa nyumba za Waogiek, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Mahakama ya Arusha, katika hukumu yake ya fidia ya 2022, kuagiza ardhi ya Waogiek ipimwe na kumilikishwa. Gadhabu ya kitaifa haikuonekana.

Waogiek hawako peke yao. Waendorois walifukuzwa kuanzia 1973 ili Ziwa Bogoria liwe hifadhi ya wanyama. Februari 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ukatangazwa kwamba warudishiwe ardhi yao. Mwaka uliofuata ziwa likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia bila wao kuulizwa, na jopokazi lililoundwa 2014 lilimaliza muda wake bila ardhi kurudi. Wasengwer wa msitu wa Embobut walichomewa nyumba Januari 2014. Miaka minne baadaye, baada ya mmoja wao kuuawa kwa risasi, Umoja wa Ulaya ulisimamisha mradi wa kuhifadhi chemchemi za maji wa yuro milioni 31.

Nilisema nitarudi Ngorongoro. Wamaasai walipoondolewa Serengeti mwaka 1959, Waingereza waliwaahidi kwamba Ngorongoro itakuwa makao yao. Leo serikali ya Tanzania inawahamishia Msomera, wilayani Handeni, na inasema wanahama kwa hiari. Mwezi Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya Ngorongoro kwenye orodha ya maeneo ya utawala. Bila kijiji hakuna serikali ya kijiji, hakuna kituo cha kupigia kura, hakuna mwenyekiti wa kugonga muhuri wa barua. Watu waliandamana kwa maelfu, na Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha tangazo hilo kabla ya mwezi kwisha. Sijaona mfano ulio wazi zaidi wa ukanaji ninaouzungumzia: watu wako pale na ng'ombe wao, lakini karatasi ilisema hapana mtu.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imefanya jambo ambalo Nairobi na Dodoma hazijathubutu. Mwezi Julai 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia saini sheria inayowatambua Mbilikimo kuwa watu wa asili na kuzilinda haki zao. Batwa, mojawapo ya jamii hizo za Mbilikimo, waliofukuzwa katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, huko Kivu, miaka ya 1970 bado hawajarudishiwa msitu wao, na vita vya mashariki vinafanya karatasi yoyote ionekane nyepesi. Hata hivyo sheria ile imeondoa swali la kwanza. Mtwa akienda mahakamani nchini mwake leo hataanza kwa kuthibitisha kwamba yupo. Wala Kongo haikusambaratika kwa sababu ya kumtaja Mtwa kwa jina. Inachanwa na mambo mengine kabisa.

Je, kwa upande wa Kenya kazi iliyobaki ni ipi? Si tume nyingine. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Arusha ilitoa hukumu ya fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali, milioni 100 kwa maumivu ya moyo, baada ya kushauriana na jamii, ardhi ya mababu ipimwe na hatimiliki ya pamoja itolewe, na jamii iulizwe kabla ya mradi wowote kufanyika katika ardhi hiyo. Majaji walilikataa ombi la msamaha wa hadharani, wakiona hukumu yenyewe inatosha. Mimi naona walikosea hapo, kwa sababu kosa lilikuwa la hadharani. Ila wenyewe Waogiek niliowasoma na kuwasikia wakihojiwa hutanguliza ardhi, na wana sababu: mwenye hatimiliki haambiwi tena kwamba hayupo.

Wako 52,596 kwa hesabu ya sensa ya 2019, katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Hawawezi kumchagua wala kumwangusha mgombea urais, na hiyo ndiyo sababu kila utawala umeona ni rahisi kuwaahirisha. Kwa hiyo kazi ya kuwasemea haiwezi kuachwa mikononi mwao. Mbunge wako ana ripoti ya Tume ya Ukweli mezani tangu 2013. Mwulize ni lini itajadiliwa, pamoja na maoni ya wale makamishna watatu. Waulize gavana wa Narok na wa Nakuru wamefanya nini kuhusu upimaji. Mahakama ilitoa miaka miwili kwa kazi ya kupima na kumilikisha. Muda huo ulikwisha tarehe 23 Juni 2024, na siku hiyo ilipita bila Waogiek kupewa hatimiliki ya Mau.